Mahakama ya Juu ikishasema, jaji wa chini anaweza kukataa? Jibu kwa dada aliyeko Texas

Swali: "Mwalimu shikamoo. Niko Texas, nahudumia wazee. Kwenye grupu letu la familia hapakaliki. Shemeji yangu ni mtu wa Trump hasa, kila siku anatuma video kwamba majaji wadogo wameasi Mahakama ya Juu na wote wafukuzwe. Mdogo wangu yuko Minnesota, yeye anasema jaji ni huru, akiona amri ya juu imetolewa kisiasa ana haki ya kuiweka kando. Sisi kwetu Kenya tulifundishwa mahakama ya chini inafuata ya juu, basi. Nani mkweli? Na kinachoninyima usingizi hasa ni hiki: nina kesi yangu ya asailamu, yaani kuomba hifadhi, nangoja tarehe. Jaji wangu anaweza kuamka tu asubuhi akaamua hafuati yaliyosemwa na wakubwa wake?"

Marahaba dada yangu. Umeuliza mambo mawili, ugomvi wa grupu na kesi yako, nami nitaanza na ugomvi maana ukishauelewa huo utajua kwenye kesi yako uogope nini na nini usipotezee usingizi. Nikuambie mapema kwamba shemeji na mdogo wako wote wawili wamekosea, ila wamekosea sehemu tofauti.

Tuanze na mdogo wako. Swali la kama mahakama za chini Marekani zinafungwa na Mahakama ya Juu halina Republican wala Democrat. Mwaka 1982, kwenye kesi ya Hutto v. Davis, Mahakama ya Juu ilisema bila kumung'unya kwamba uamuzi wake lazima ufuatwe na mahakama za chini za shirikisho hata kama majaji wa huko wanauona umepotoka kiasi gani. Sijawahi kukutana na jaji wa maana, awe ameteuliwa na Reagan au Obama, anayepinga hilo. Uhuru wa jaji ni uhuru wa kutopigiwa simu na rais, gavana au tajiri wa mjini, siyo uhuru wa kuamua kwamba leo waliomzidi ngazi hawamhusu.

Sasa ngazi zenyewe ziko hivi, manake hapa watu wengi wanachanganya. Chini kuna mahakama za wilaya za shirikisho 94, hizo ndizo zinazosikiliza mashahidi na kutoa yale mazuio, yaani amri za kusimamisha jambo, tunayoyasikia kwenye habari. Juu yake kuna mahakama za rufaa 13, nyingi zimegawiwa majimbo, na Texas yako iko chini ya ile ya Tano yenye makao New Orleans. Juu kabisa wale majaji 9 wa Mahakama ya Juu. Jaji wa wilaya anafungwa na mahakama ya rufaa ya kwake na wale 9, hafungwi na mahakama ya rufaa ya California wala na jaji mwenzake wa wilaya ya jirani. Kwa hiyo ukisikia jaji wa Boston kaamua hivi na wa Houston kaamua vingine, usidhani mmoja wao kaasi, inawezekana kabisa hakuna aliye juu yao aliyekwisha kulisemea jambo hilo.

Na jaji mzuri asiyekubaliana na wakubwa wake anafanyaje? Kuna kesi naipenda sana, ya mfanyabiashara wa kituo cha mafuta jimbo la Illinois aitwaye Khan aliyeshitaki kampuni ya mafuta kwa sababu mkataba ulimbana kwenye bei ya kuuzia. Kulikuwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1968 unaosema msambazaji kumpangia muuzaji bei ya juu kabisa ni haramu moja kwa moja, na wachumi karibu wote walishauona wa hovyo. Jaji Richard Posner wa mahakama ya rufaa ya Saba, mtu ambaye kwa mambo ya uchumi na sheria alikuwa simba, akaandika kwamba uamuzi ule umeshaliwa na mchwa, akaeleza kwa nini, halafu akaufuata. Khan akashinda pale. Kesi ikapanda, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu kwa kauli moja ikaufuta uamuzi wa 1968, na humohumo ikasema Posner alifanya sawasawa kuufuata maana kuufuta ni kazi yake yenyewe Mahakama ya Juu, siyo ya walio chini. Yaani jaji analalamika kwa maandishi huku mkono wake unatii. Ndivyo inavyotakiwa.

Haya, shemeji. Yeye kosa lake ni kuita kila kitu uasi. Uamuzi wa mahakama una kiini chake, yaani lile jambo lililohitajika ili kesi iamuliwe, na una maneno ya pembeni ambayo jaji kayasema njiani. Kinachofunga ni kiini. Jaji wa chini akisema kesi yangu ina mambo tofauti na ile iliyoamuliwa juu kwa hiyo haiingii humo, hajaasi, hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya sheria. Anaweza kukosea, anaweza hata kuwa anatafuta upenyo kwa makusudi, na dawa ya vyote viwili ni rufaa. Kufukuzwa ni habari nyingine kabisa. Majaji wa shirikisho wanakaa kwa maisha yao yote, kumwondoa mmoja kunataka Bunge la Wawakilishi limshitaki halafu theluthi mbili ya Seneti imtie hatiani, na katika historia yote ya nchi ile walioondolewa hivyo ni 8 tu. Machi 2025, Trump alipotaka jaji mmoja aliyemzuia aondolewe, Jaji Mkuu John Roberts mwenyewe alitoa tamko kwamba kwa zaidi ya karne mbili imejulikana kutokubaliana na uamuzi si sababu ya kumwondoa jaji, njia ya rufaa ipo.

Lakini nisimwonee shemeji, kuna mahali ana hoja, na hapo ndipo penye nyama. Ubishi wa sasa hauko kwenye kama Mahakama ya Juu inafuatwa. Uko kwenye kujua imesema nini, hasa inapotoa amri za dharura, karatasi moja au mbili, bila jina la aliyeandika na mara nyingine bila sababu hata moja.

Chukua kisa kilichotokea karibu na kwetu kabisa. Aprili 2025 jaji wa Boston, Brian Murphy, aliyeteuliwa na Biden, alizuia serikali kumpeleka mtu kwenye nchi ya tatu, yaani nchi ambayo si yake, bila kumpa taarifa ya maandishi na nafasi ya kusema kama anaogopa kuteswa huko. Mwezi Mei ndege ikaondoka na wanaume 8 kuelekea Sudan Kusini, na kati yao mmoja tu ndiye wa Sudan Kusini, wengine walikuwa wa kutoka Cuba, Vietnam, Laos na kwingineko, watu ambao serikali ilisema wana hukumu za makosa makubwa. Murphy akasema zuio langu limevunjwa, akatoa amri ya pili tarehe 21 Mei kwamba watu hawa wabaki mikononi mwa Marekani na wahojiwe kwanza. Wakaishia kwenye kambi ya jeshi la Marekani pale Djibouti, ndani ya kontena lililogeuzwa chumba cha mikutano, wao na walinzi wao, kwenye joto lile la Djibouti unalolijua kwa kusikia.

Tarehe 23 Juni Mahakama ya Juu ikalisimamisha zuio la Aprili, majaji 3 wakipinga, na walio wengi hawakuandika sababu hata mstari mmoja. Jioni ileile Murphy akasema sawa, la Aprili limesimama, ila amri yangu ya Mei haikupelekwa kwenu kwa hiyo iko palepale. Kumbuka hakujitungia, Jaji Sonia Sotomayor kwenye maoni yake ya kupinga alikuwa ameandika jambo kama hilo. Serikali ikarudi mbio kesho yake ikimwita mwasi. Tarehe 3 Julai Mahakama ya Juu ikafafanua: zuio likishasimamishwa, amri iliyotolewa ili kulitekeleza nayo haina miguu. Na hapa ndipo shemeji na mdogo wako wangepaswa kutulia wasome, maana Jaji Elena Kagan, aliyeteuliwa na Obama, ambaye mwezi Juni alikuwa upande wa wapinzani, safari hii alikwenda na walio wengi. Akasema yeye bado anaona zuio halikustahili kusimamishwa, ila wenzake wengi waliona vingine, na haoni jaji wa wilaya atalazimishaje watu watii amri ambayo Mahakama ya Juu imeisimamisha. Siku iliyofuata wale 8 wakaondolewa Djibouti wakapelekwa Sudan Kusini.

Mimi nikikisoma kisa hiki naona Murphy alikuwa na hoja ya kisheria yenye kichwa na miguu mpaka tarehe 2 Julai, na tarehe 3 ikaisha, na ilipoisha amri yake haikuizuia serikali tena. Huyo si mwasi. Ila pia mdogo wako hawezi kumfanya shujaa wa kukataa amri ya juu, maana hata Murphy hakusema anakataa, alisema haijamfikia.

Mfano wa pili ni wa jaji mkongwe William Young, naye wa Massachusetts, aliyeteuliwa na Reagan mwaka 1985, kwa hiyo ile hadithi ya "majaji wa Biden" hapa haipandi. Juni 2025 aliamua kwamba serikali ilikata kinyume cha sheria ruzuku za utafiti wa afya za takriban dola milioni 783. Shida ni kwamba Aprili, kwa kura 5 kwa 4 na kwa amri fupi ya dharura, Mahakama ya Juu ilishaonyesha kwamba madai ya ruzuku za namna hiyo, zile zilikuwa za kufundisha walimu, yana mahakama yake maalumu inayoshughulikia madai ya pesa dhidi ya serikali. Agosti 21 Mahakama ya Juu ikausimamisha uamuzi wa Young kwenye sehemu ya kurudisha ruzuku. Jaji Neil Gorsuch, na Brett Kavanaugh nyuma yake, akaandika kwa ukali kwamba majaji wa chini wanaweza kutokubaliana na maamuzi yao ila hawana ruhusa ya kuyakaidi. Jaji Ketanji Brown Jackson akajibu kwa kejeli kwamba huu ni mchezo usio na sheria za kudumu isipokuwa moja, serikali hii lazima ishinde. Na Young? Alifungua kikao mahakamani kwake akaomba radhi hadharani, akasema hakujua kwamba amri zile za dharura zinahesabika kama maamuzi ya kufuatwa.

Hebu fikiria, jaji wa miaka 40 kazini anasema hakujua. Unaweza kumcheka, au unaweza kujiuliza kwa nini haikuwa wazi. Mahakama ya Juu yenyewe mwezi Julai, kesi ya Trump v. Boyle, ilisema amri zake za muda haziamui kesi moja kwa moja lakini zinapaswa kumwongoza jaji kwenye kesi zinazofanana. Sawa, tumesikia. Lakini ni kama babu kwenye kikao cha ukoo anasema "shamba lile msiligawe", halafu anaingia ndani kulala, wajukuu wanabaki uani wanabishana kama alimaanisha lile moja au mashamba yote. Atakayekosea kutafsiri amekosea kweli, ila na babu angekaa dakika tano zaidi. Msimamo wangu ni huo: amri isiyo na sababu inafunga kwa jambo lililokuwa mezani, na kadiri jambo la pili linavyofanana na la kwanza ndivyo jaji anavyobanwa zaidi, lakini kumtukana jaji kwa kutoelewa sababu ambayo haikuandikwa ni kumwonea.

Sasa siasa. Ukitaka kujua kama mtu anatetea kanuni au anatetea chama, muulize wakati mahakama ya juu ilikuwa si ya watu wake alisema nini. Roy Moore, Jaji Mkuu wa jimbo la Alabama, Republican, Januari 2016 aliwaandikia majaji wanaotoa vyeti vya ndoa kwamba waendelee kutowapa watu wa jinsia moja, miezi michache tu baada ya Mahakama ya Juu kuamua Juni 2015 kwamba wana haki hiyo nchi nzima. Kuna waliomshangilia, na ni kambi ileile inayopiga kelele leo kuhusu utii. Alisimamishwa kazi mpaka muda wake uishe. Upande wa pili, Mahakama ya Juu ya jimbo la Montana Desemba 2011 iliiacha isimame sheria yao ya mwaka 1912 ya kuzuia makampuni kumwaga pesa kwenye uchaguzi wakati Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2010 ilishasema makatazo ya namna hiyo hayafai. Wapenzi wa Democrat wengi wakapiga makofi. Juni 2012 ikapinduliwa, kura 5 kwa 4, kwa maandishi mafupi kama risiti. Na wapo walionyooka: James Ho, jaji wa hiyohiyo mahakama ya Tano, aliyeteuliwa na Trump na haipendi haki ya kutoa mimba hata kidogo, mwaka 2019 kesi ya Mississippi ilipomfikia aliandika manung'uniko yake kurasa kwa kurasa kisha akapiga kura kuibatilisha sheria ya Mississippi ya kubana utoaji mimba, kwa sababu uamuzi wa Roe, ule uliolinda haki hiyo, ulikuwa bado hai. Kesi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuiua Roe mwaka 2022, ikiwa mikononi mwa wenye mamlaka ya kuiua.

Kuna mtu mmoja ananisumbua akili kila nikifundisha mada hii, Jaji John J. Parker wa kusini. Mwaka 1942 kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuisalimu bendera shuleni West Virginia ilifika mbele yake na wenzake wawili. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshasema mwaka 1940, kwa 8 kwa 1, kwamba shule inaweza kuwalazimisha. Parker akakataa kufuata, akieleza kwamba baadhi ya majaji wale wamekwisha kusema hadharani walikosea, na mwaka 1943 Mahakama ya Juu ikamuunga mkono. Leo anasifiwa. Mwaka 1955, baada ya uamuzi wa Brown wa kukomesha shule za kibaguzi, jopo la watatu akiwemo Parker huyohuyo likaandika South Carolina kwamba Katiba haiamuru watoto wachanganywe, inakataza tu ubaguzi. Sentensi ile haikumkaidi mtu, juu juu ilikuwa utii mtupu, na ndiyo iliyotumika kuchelewesha shule za kusini kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mahakama ya Tano, hii yako, kupitia Jaji John Minor Wisdom mwaka 1966 ilipoikataa. Aliyekataa waziwazi akamlinda mtoto, aliyetii kwa kubana akamwumiza. Ndiyo maana siwezi kukupa jibu la shemeji wala la mdogo wako likiwa zima.

Ya Kenya nipite haraka. Ni kweli Katiba ya 2010, kifungu cha 163(7), inasema wazi kwamba mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu, sentensi ambayo Katiba ya Marekani haina kwa maneno hayo, kule imejengwa na muundo na mazoea. Lakini je, iliondoa ubishi? Desemba 2017, kesi ya Muruatetu, hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji ilifutwa. Mahakama za chini zikaibeba hoja hiyo mpaka kwenye wizi wa mabavu na makosa ya ngono. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema hapana, tulizungumzia mauaji tu. Bado ikaendelea kunyooshwa, mpaka Julai 2024 ikabidi watengue uamuzi wa Mahakama ya Rufaa na kusema vifungo vya chini vya lazima kwenye sheria ya makosa ya ngono vipo palepale. Na hapo hakukuwa na chama, ni majaji walioona hukumu hazilingani na kosa.

Haya, kesi yako. Jambo la kwanza ambalo grupu lenu halijui ni kwamba jaji wako wa uhamiaji si mmoja wa majaji niliokuwa nawazungumzia. Hana kiti cha maisha. Ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu wa serikali, na mwaka 2025 makumi yao walifukuzwa kazi. Anafungwa na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, anafungwa na mahakama ya Tano kwa sababu uko Texas, na bila shaka na wale 9. Tena Mwanasheria Mkuu anaweza kuichukua kesi kutoka kwenye Bodi akaiamua mwenyewe, na uamuzi wake ukawafunga majaji wote wa uhamiaji nchi nzima. Hilo si la kinadharia: mwaka 2018 ilifanyika hivyo kubana asailamu kwa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, 2021 ikafutwa na Mwanasheria Mkuu mwingine, 2025 ikarudishwa na mwingine tena.

Kwa hiyo hofu yako imeelekea siko. Jaji wako kuwakaidi wakubwa wake ni jambo dogo, akifanya hivyo una rufaa. Kikubwa ni kwamba wakubwa wenyewe wanabadilisha kanuni kati ya siku uliyopeleka fomu na siku utakayosikilizwa, naye atatii. Faili lililoandaliwa kwa kanuni za mwaka juzi linaweza kuwa na pengo leo.

Hapa ndipo mimi nakomea, maana sijaona karatasi zako. Tafuta wakili wa uhamiaji anayefanya kesi Texas hasa, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria wa shirika la msaada, manake mahakama hizi hazikupi wakili wa serikali. Yule anayejiita notario na kujaza fomu kwa dola mia mbili tatu mkimbie. Muulize wakili swali moja la moja kwa moja: ni uamuzi gani wa Bodi, wa Mwanasheria Mkuu na wa mahakama ya Tano uliotoka tangu nipeleke fomu unaogusa sababu yangu ya kuomba? Akibabaika, tafuta mwingine. Usihamie kwa mdogo wako Minnesota kwa kusikia kwamba kule majaji wana huruma, kubadili anwani peke yake hakuhamishi kesi, na ukihama lazima uiarifu mahakama ndani ya siku 5 za kazi, la sivyo barua ya tarehe inakwenda nyumba ya zamani na ukikosa kikao unaweza kuamriwa uondoke bila kusikilizwa.

Siku ya kikao omba mkalimani wa Kiswahili, mahakama ndiyo inayomlipa, na ukisikia katafsiri vibaya sema hapohapo, maana rufaa inasoma rekodi, haisomi ulichokuwa unamaanisha. Mwishoni jaji akitoa uamuzi atauliza kama unaiachia haki yako ya rufaa au unaibakiza. Kama umeshindwa, jibu ni unaibakiza, na wakili ajue siku ileile, muda wa kukata ni mfupi.